Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: Mateka wa Manyema aliyekuwa mwalimu wa waungwana

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (SAW), pamoja na aali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Mwisho. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Alasiri hapa Bangwe, mwanafunzi mmoja wa darasa la vijana aliniletea insha aliyoiandika kwa mkono wake. Kijana huyu yuko katika masomo ya sekondari, na ni msomaji. Insha yake ilihusu uhuru, hiari ya mwanadamu na utamaduni. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ikiwa kila jambo limekwisha kuandikwa na Mwenyezi Mungu, basi aliyetekwa utumwani aliandikiwa kutekwa, na aliyemteka aliandikiwa kuteka, wala hapana wa kulaumiwa. Ya pili, kwamba mtu huzaliwa akiwa tayari amekwisha kupewa jina, kabila, lugha na cheo chake katika macho ya watu, na kwamba utamaduni ni mnyororo usioonekana. Basi hiyo hiari inayosemwa iko wapi?

Nilipoisoma mara ya pili ndipo nilipotambua kuwa haikuwa insha ya shule. Nilimwita nikazungumza naye, na kwa idhini yake naeleza kwa ufupi bila kuwataja watu. Dada yake alikuwa amechumbiwa, na mambo yote yalikuwa yamekwenda vizuri. Kisha wazee wa upande wa mume wakapeleleza nasaba, wakasikia kuwa babu wa babu wa binti yule alivushwa ziwa akiwa mtoto, shingo yake ikiwa katika kamba. Posa ikarudishwa kwa maneno ya adabu, lakini sababu ikajulikana mtaa mzima.

Kijana yule sikumjibu kwa kitabu cha itikadi. Nilimsimulia maisha ya mtu mmoja, na leo nawasimulia nanyi, kwani naamini jambo hili halikukaa katika nyumba moja tu ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Mtu huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki dunia mwaka 1931.

MTOTO ALIYETOKA NG'AMBO YA ZIWA

Sheikh Ramiya alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika nchi za Manyema, upande wa magharibi wa ziwa letu, ambako leo ni mashariki ya Kongo. Tukisimama hapa Bangwe wakati wa kiangazi, hewa ikiwa safi, milima ya upande ule huonekana kama wingu la buluu lililolala juu ya maji. Huko ndiko alikotoka.

Yatupasa kueleza bila kificho nchi ile ilikuwa katika hali gani. Wafanyabiashara wa pwani, wengi wao wakiwa na majina kama yangu na yako, walikwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu. Miji ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare ikawa vituo vyao. Palipokosekana maelewano bunduki zilisema, na vijiji vilichomwa moto. Mwezi wa Julai 1871, mbele ya macho ya David Livingstone, watu wenye bunduki walishambulia soko la Nyangwe kandokando ya mto Lualaba, wakaua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao, na wengine wakazama walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Miezi michache baadaye Livingstone alirudi Ujiji, na hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta. Watalii huonyeshwa mahali walipokutana wazungu hao wawili. Ni wachache wanaoulizia wale waliopita njia hiyo hiyo wakiwa na mzigo kichwani na kamba shingoni.

Mateka wa Manyema kwa kawaida waliletwa hadi ufuko wa magharibi, kwenye bandari kama Mtowa, wakavushwa kwa majahazi na mitumbwi hadi Ujiji. Kutoka Ujiji misafara ilikwenda Tabora, kisha Ugogo, kisha Mpwapwa, hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 kwa miguu. Ili msomaji apate kipimo, Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858, nao walikuwa watu wazima wenye wapagazi, punda na chakula. Yaelekea hapana familia ya Kimanyema katika Ujiji isiyokuwa na kisa chake kuhusu njia hiyo. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hiyo ya utumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikiwa na vituo vyake vya Ujiji, Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo.

Yahya alifika Bagamoyo akiwa bado mtoto, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mmoja wa mabwana wakubwa wa Kiarabu wa mji ule, ambaye alipata kuwa liwali wake.

JINA LA ABDALLAH

Nataka tusimame kidogo kwenye jina. Mtoto aliyeletwa kutoka bara alipoteza kila kitu kinachomtambulisha mtu: wazazi, kijiji, lugha, hata jina. Hapo pwani palikuwa na ngazi zilizojulikana kwa kila mtu. Mtumwa mgeni aliyetoka bara aliitwa mjinga, kwa maana ya mtu asiyejua lugha wala desturi. Aliyezaliwa pwani katika utumwa aliitwa mzalia. Juu yao alikuwako mwungwana, yaani mtu huru aliyezaliwa na watu huru. Tazameni jinsi lugha yetu wenyewe ilivyohifadhi historia hii: leo neno mjinga ni tusi kwa asiyeelimika, na uungwana ni sifa ya mwenye tabia njema. Tumesahau kuwa maneno haya mawili yalikuwa alama za nani anamilikiwa na nani anamiliki.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Huko Manyema kwenyewe, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, na miongoni mwao wakiwamo watumwa waliopewa bunduki, walijiita waungwana, na Kiswahili chao kikaja kuitwa Kingwana. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mtumwa Ujiji aliweza kuwa mwungwana alipovuka ziwa, na mtoto wa mkubwa wa kijiji akivushwa upande huu akawa mjinga. Cheo hicho hakikuwa katika damu, kwa kuwa damu haibadiliki kwa kuvuka maji. Cheo hicho kilikuwa katika vinywa vya watu.

Mtoto huyu, kwa desturi ya Waislamu kwa mtu ambaye jina la babaye halikujulikana kwao, aliitwa bin Abdallah. Walimwengu walilitumia jina hilo kuziba pengo. Lakini maana yake ni mtumwa wa Mwenyezi Mungu, na maana hiyo inamhusu sultani kama inavyomhusu mpagazi. Mtume wetu (SAW) mwenyewe ni mwana wa Abdallah, na Qur'ani inapomtaja katika safari ya Israi inamtaja kwa sifa ya uja wake kwa Mola wake. Basi mtoto yule, bila ya yeye mwenyewe kujua, alipewa nasaba ambayo hapana aliye juu yake.

KUTOKA BIASHARA YA SAMAKI HADI DARASANI

Wasomaji wa Bangwe, Kibirizi na Katonga watapendezwa kujua kuwa Yahya alianza maisha yake ya kujitegemea kwa kuuza samaki. Biashara hiyo twaijua: kuamka alfajiri kuwangoja wavuvi, kukimbizana na jua kabla samaki hawajaharibika, kubishana na wanunuzi. Sisi tuna dagaa na migebuka, wao walikuwa na samaki wa bahari, lakini harufu ya mikono ni ile ile. Katika miji ya pwani mtumwa aliweza kuruhusiwa kufanya kazi ya nje na kumpa bwana wake sehemu ya pato, nayo iliyobaki ikawa yake. Kidogo kidogo Yahya aliweka akiba, akanunua ardhi na minazi, hata akawa mtu mwenye mali yake.

Wengi wangeishia hapo. Aliyeonja umaskini akipata minazi huona amefika. Lakini Yahya alifanya jambo ambalo hakulazimishwa na mtu yeyote: alikwenda kukaa chini mbele ya mwalimu. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Sheikh Abubakar bin Taha al-Jabri, mwanachuoni wa Bagamoyo. Hakuzaliwa katika nyumba ya elimu, wala hakuwa na babu aliyemwachia vitabu, hali elimu ya dini katika pwani ya wakati ule ilishikwa zaidi na koo chache za Kiarabu na za waungwana. Watumwa walifundishwa kiasi cha kuswali, na wengine hata hicho hawakufundishwa. Yeye alisoma hadi akastahili kufundisha, kisha akafungua chuo chake mwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia katika tarika ya Qadiriyya, akapata ijaza, akawa khalifa. Tarika hii inanasibishwa na Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 561 Hijria, sawa na mwaka 1166 Miladia. Katika Afrika Mashariki ilienezwa sana na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ingawa njia zilizoifikisha Bagamoyo ni zaidi ya moja. Chini ya Sheikh Ramiya, Bagamoyo ikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya Qadiriyya katika nchi yetu. Wanafunzi walimwendea kutoka mbali, na makhalifa wake wakaenea bara. Maulidi yake ya kila mwaka yaliwakusanya watu kwa maelfu.

Ni nani waliokuwa wakikusanyika? Walikuwa wapagazi wa zamani, wavuvi, wakulima wa Kizaramo na Kikwere, Wamanyema waliokuwa wamekombolewa au kujikomboa, pamoja na Waarabu na waungwana wa mji. Katika halaka ya dhikri hapana ngazi. Mabega hugusana na pumzi hupandana pamoja. Sisi tunaweza kutofautiana juu ya baadhi ya mambo ya tarika, na wanazuoni wametofautiana, lakini yeyote mwadilifu atakiri kuwa katika halaka ile mtu ambaye mji ulimwita mjinga alipata mahali pa kukaa.

MJI UNABADILISHA MABWANA

Sheikh Ramiya aliishi katika zama zilizopindua kila kitu. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Mwaka 1888 pwani iliwaka moto kwa vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na kiongozi wa vita hivyo, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kufifia.

Wajerumani walijinadi kuwa wamekuja kuukomesha utumwa. Ukweli ni kwamba hawakuufuta. Mwaka 1901 walitoa amri iliyomruhusu mtumwa kujinunua, na mwaka 1904 wakaamuru kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Waliokuwa watumwa wakabaki watumwa. Wamisionari wa Kikatoliki, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na kijiji chao walichowaweka watoto waliowanunua ili kuwakomboa, wakawalea katika Ukristo. Hili nalitaja kwa insafu, na pia kwa sababu lilipaswa kututia haya: kitabu kilichofundisha kumwacha huru mtumwa kilikuwa kimekwisha kusomwa katika mji ule kwa miaka mingi kabla ya meli ya wamisionari kufika.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Bagamoyo. Katika utawala wao mpya, aliyekabidhiwa uliwali wa mji alikuwa Sheikh Ramiya. Mtoto aliyeingizwa Bagamoyo akiwa mali ya nyumba ya liwali, sasa yeye ndiye liwali. Wala utumwa ulikuwa haujafutwa bado katika sheria. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Maana yake ni kwamba kwa muda fulani watu wa Bagamoyo walipeleka mashauri yao mbele ya mtu aliyekuwa mtumwa, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa bado halali kwa sheria ya serikali.

Alifariki mwaka 1931, akazikwa Bagamoyo. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika uongozi wa tarika baada yake, na katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa masheikh walioiunga mkono TANU katika kudai uhuru wa Tanganyika. Tazama mfuatano huo: baba alitoka utumwani, na mtoto akashiriki kuitoa nchi katika ukoloni.

JIBU LA HOJA YA KWANZA

Sasa turudi kwenye insha ya kijana wetu. Kwanza nilimsahihisha jambo dogo, kwani alikuwa amechanganya majina mawili. Qadiriyya ni tarika inayonasibishwa na Sheikh Abdulqadir. Qadariyya ni kundi la zamani lililokana kadari, likasema kuwa mwanadamu huumba matendo yake mwenyewe. Kinyume chao walikuwako Jabriyya, waliosema kuwa mwanadamu ni kama unyoya katika upepo, hana analolitenda. Insha ya kijana, bila yeye kukusudia, ilikuwa katika njia ya Jabriyya.

Wanazuoni wa Ahlu Sunna, na katika pwani yetu tumefuata zaidi njia ya Imamu Abul Hasan al-Ash'ari aliyefariki mwaka 324 Hijria, walishika njia ya kati. Walisema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa kila kitu, na mwanadamu hulichuma tendo lake kwa nia na hiari aliyopewa. Wakaliita jambo hilo kasb, yaani chumo, neno lile lile linalotumika kwa pato la mfanyabiashara. Binadamu ataulizwa kwa kile alichokichuma.

Tutieni jambo hili katika maisha ya Sheikh Ramiya nalo litafahamika hata kwa mtoto. Kutekwa kwake halikuwa chumo lake. Hakulitaka wala hakulitenda, na Mola mwadilifu hatamuuliza. Lakini lilikuwa chumo la aliyemteka. Yule aliyechoma kijiji alikuwa na miguu ya kurudi nyuma na ulimi wa kukataa, akachagua kuchoma. Kusema kuwa aliandikiwa, kwa hiyo hana lawama, ni hoja waliyoitoa washirikina wa Makka walipotetea ushirikina wao, na Qur'ani ikawakadhibisha. Isitoshe, mwenye hoja hiyo haitumii anapoibiwa nyavu zake. Hapo humtafuta mwizi usiku kucha, wala hasemi kuwa masikini yule aliandikiwa.

Kisha yako yale ambayo Ramiya mwenyewe aliyachuma: kuamka alfajiri, akiba yake, kukaa kwake chini mbele ya mwalimu, kufundisha kwake walio dhaifu. Wako maelfu waliopita njia ile ile, wakavuka ziwa lile lile. Kadari iliwaweka wote katika mlango mmoja, lakini katika chumba walichoingizwa kila mmoja alibaki na kiasi chake cha hiari, hata kama kiasi hicho kilikuwa kidogo kama nafasi kati ya vidole viwili. Sayyidna Umar (RA), alipokataa kuwaingiza watu katika nchi ya Sham iliyokuwa na tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari, naye akafahamisha kuwa anatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu kwenda katika nyingine. Kujikomboa pia ni kadari.

JIBU LA HOJA YA PILI

Kuhusu utamaduni, kijana yule alikuwa na nusu ya ukweli. Ni kweli kuwa mtu hazaliwi mtupu. Hukuta lugha, desturi na vyeo vimekwisha kupangwa. Lakini utamaduni ni kazi ya mikono ya watu, na kilichofanywa na watu chaweza kutengenezwa upya na watu. Sheikh Ramiya hakuukimbia utamaduni wa pwani. Aliuingia, akajifunza lugha yake, elimu yake na adabu zake, hata akaujua kuliko wengi waliomdharau. Kisha akaugeuza kutoka ndani. Baada yake haikuwezekana tena katika Bagamoyo kusema kwa dhati kuwa mtu wa Manyema hawezi kuwa mwalimu wa mwungwana, kwa sababu watoto wa waungwana walikuwa wamekwisha kusoma kwake.

Lakini hapa pana swali gumu ambalo sisi masheikh tusilikwepe. Je, hao waliomteka hawakuwa Waislamu? Wengi wao walikuwa Waislamu. Je, walifuata Uislamu katika tendo hilo? La. Qur'ani iliukuta utumwa duniani kote, ikaufungulia milango ya kutokea: kumwacha huru mtumwa kukawa kafara ya kiapo, kafara ya kuua kwa makosa na kafara ya dhihari, fungu la zaka likatengwa kwa ajili ya kukomboa, mtumwa anayetaka mkataba wa kujikomboa akaamriwa apewe na asaidiwe, na katika Surat al-Balad kumkomboa mtumwa kukatajwa kuwa ndiyo njia ya kupanda mlima ule mgumu wa wema. Milango ya kuingilia ikabanwa. Kuvamia vijiji vya watu walio katika amani ili kupata wapagazi wa pembe hakumo katika kitabu chochote cha fiqhi. Wanazuoni walilisema hili mapema. Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika risala kuhusu utekaji usio halali mwanzoni mwa karne ya 17. Tukiwatetea waliofanya maovu kwa kuwa tu walikuwa ndugu zetu katika dini, tunaitwika dini mzigo usio wake.

KWA WAZEE WENYE VIJANA WA KUOA

Namalizia kwa lile lililoleta insha hii. Wako wanaorudisha posa kwa sababu ya nasaba ya utumwa, na wakiulizwa hutaja kafaa, yaani kulingana kwa wachumba. Yapasa ifahamike kuwa kafaa, kwa wale wanazuoni walioizingatia, ni haki ya mwanamke na walii wake, ili binti asidhulumiwe kwa kuozwa mtu asiyelingana naye. Siyo haki ya upande wa mwanamume kumkataa binti wa watu. Kwa hiyo wazee waliorudisha posa ile hawakuwa na kafaa ya kushika mkononi. Walikuwa na desturi tu, wakaivisha kilemba.

Tena hata kwa upande wa mwanamke, Imamu Malik aliiweka kafaa zaidi katika dini na mwenendo. Na Mtume (SAW) alimwoza Zainab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zaid bin Haritha, aliyepata kuwa mtumwa. Ndoa ile haikudumu, lakini haikufungwa kwa makosa. Kisha akamshauri Fatima bint Qais, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zaid huyo huyo, akaolewa, akaiona kheri ndani yake.

Enyi wazazi, sisi watu wa Kigoma na Ujiji ni watoto wa njia ile. Katika nyumba zetu wamo waliobeba, waliobebeshwa, waliouza na waliouzwa, na mara nyingi wamo wote katika ukoo mmoja, upande huu wa baba na upande ule wa mama. Anayechimba nasaba ya jirani akumbuke kuwa jembe lake halijui mpaka wa shamba. Na akichimba, asiishie kwa aliyefungwa kamba. Amtafute pia aliyeishika kamba, kisha apime ni nani kati ya hao wawili anayefaa kuonewa aibu.

Kijana wetu ameiandika upya insha yake. Hoja ya kwanza ameiondoa. Ya pili ameirekebisha, akaongeza ukurasa mmoja kuhusu babu wa babu yake, ambaye awali hakumtaja kabisa. Ameandika jina lake kamili, na mwisho wa jina hilo kuna bin Abdallah. Nilipolisoma nilimwomba aisome insha mbele ya darasa zima, naye akaisoma.

Twamwomba Allah (SW) amrehemu Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya, awarehemu wote waliopita njia ile wakafa bila ya kaburi kujulikana, na atujaalie tuwe watumwa Wake Yeye peke Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.